VIPIMO VIWILI: MAISHA GHALI NA HESABU ZA MIKONO YETU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Ijumaa moja baada ya swala, mama mmoja muuza sombe alinisimamisha mlangoni akaniuliza: "Shehe, dolari ilipopanda, sabuni ilipanda siku ile ile. Dolari iliposhuka, mbona sabuni ilibaki juu?" Nilimjibu kama tunavyojibu siku zote tukitaka kwenda kula: "Vumilia mama, Mungu yupo." Alisema amina akaenda zake. Lakini usiku swali lake lilirudi, nami nikaona kwamba sikumjibu. Nilitumia jina la Mungu kufunga mlango.

Leo nataka kumjibu. Swali lake linaonekana ni la sabuni, kumbe ni la haki. Maisha yakiwa ghali, nani ana dhambi? Je, bei ni kama mvua, inayonyesha bila mtu kuulizwa, au kuna mkono wa mtu ndani yake?

1. BEI INATOKA WAPI

Tusimdhulumu mfanyabiashara kabla ya kumsikiliza. Bei nyingi za hapa kwetu hazikuzaliwa hapa. Chumvi, sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vinatoka Uganda, vinavuka Kasindi, vinapanda mpaka Beni, kisha vinafanya karibu kilomita 30 kuja kwetu. Njiani kuna ushuru, kuna vizuizi, kuna matope, kuna siku za kungoja askari wa kusindikiza magari. Malori yamechomwa katika barabara hii, na madereva wamekufa. Mwenye lori anayekubali kuja Oicha anauza pia uhai wake, na jambo hilo lina gharama.

Tena chakula chetu wenyewe kimepungua. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika teritwari yetu ya Beni yamewatoa watu mashambani. Mtu aliyekuwa akilisha soko kwa mpunga na muhogo leo yuko hapa mjini, amekodi chumba, ananunua kopo la unga kama sisi. Mikono ya kulima imepungua, vinywa vya kula vimeongezeka. Bei ikipanda kwa sababu hiyo, muuza unga si mwizi.

Kuna na pesa yenyewe. Sisi tuliozaliwa wakati wa Zaire tuliona noti ya milioni tano ikitoka na watu wakiikataa, tukaona zaire mpya mwaka 1993, halafu franka mwaka 1998. Kila mara yule aliyeweka akiba yake chini ya godoro aliamka maskini. Ndiyo maana watu wetu wanahesabu kwa dolari hata wakilipa kwa franka. Mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba, na woga huo una sababu.

Mtume wetu (S.A.W.) alikutana na jambo hili Madina. Bei zilipanda, watu wakamwomba apange bei kwa amri. Alikataa. Aliwafahamisha kwamba kubana riziki na kuikunjua kuko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye alitaka kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kumdai dhuluma, ya damu wala ya mali. Tulifahamu vizuri: alichokiogopa ni kumdhulumu hata muuzaji.

Wafanyabiashara wengi wanaipenda hadithi hii na wanaishia hapo. Lakini Mtume huyo huyo alimkemea anayeficha chakula akingoja kiwe ghali. Alikataza watu kwenda kuupokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajajua bei ya soko. Aliingiza mkono ndani ya fungu la nafaka sokoni, akakuta chini kuna unyevu uliofichwa, akamkemea mwenye mali. Hakupanga bei, lakini hakuwaacha wauzaji na dhamiri zao peke yake. Basi bei ina sehemu mbili: sehemu inayotoka kwa Mungu, barabara na vita, na sehemu inayotoka mkononi mwetu. Ya kwanza tutaisubiria. Ya pili tutaulizwa.

2. HESABU YA SABUNI

Sasa turudi kwa mama muuza sombe. Nilichukua daftari nikafanya hesabu, na ninawaomba muifanye pamoja nami.

Mwaka 2023 dolari moja ilianza karibu franka 2,000 na kumaliza mwaka zaidi ya 2,600. Katika miezi ile, mwenye duka alikuwa na sabuni aliyoinunua zamani kwa bei ndogo. Dolari ilipopanda, alipandisha sabuni ile ile ya zamani. Tulipolalamika alituambia: "Nikiuza kwa bei ya jana, kesho nitanunua tena kwa nini? Duka litakufa." Neno hilo lina akili, nasi tulilikubali. Hakuhesabu bei aliyonunua, alihesabu bei atakayonunua.

Mwishoni mwa mwaka 2025 mambo yaligeuka. Franka ilipata nguvu. Dolari iliyokuwa 2,800 na zaidi ilishuka katika majuma machache mpaka karibu 2,300. Tuseme katoni ya sabuni ni dolari 10 kule mpakani. Kwa dolari ya 2,800 ilimgharimu mwenye duka franka 28,000, akaiuza 30,000, akapata 2,000 yake ya halali. Safari na ushuru tuviache kando ili hesabu iwe nyepesi. Dolari ikiwa 2,300, katoni ile ile mpakani ni franka 23,000. Tulipomwomba apunguze, alijibu: "Nilinunua ghali. Mnataka nile hasara?"

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Kule mwanzo alisema bei ya kununua jana si kitu, kitu ni bei ya kesho. Sasa anasema bei ya kesho si kitu, kitu ni bei aliyonunua jana. Ni mtu mmoja, duka moja, sabuni moja, lakini hesabu ni mbili. Na kila mara anachagua ile inayomjaza yeye.

Wala hasara anayoisema haipo kama anavyodhani. Akiuza katoni ya zamani franka 25,000, atakwenda mpakani, atabadilisha, atalipa 23,000, atarudi na katoni yake na franka 2,000 mkononi, kama zamani. Duka halikufa. Lakini akiendelea kuuza 30,000, ile 2,000 yake imekuwa 7,000. Hizo 5,000 zilizoongezeka hazikutoka kwa barabara, wala kwa vita, wala kwa serikali. Zimetoka ndani ya sufuria ya yule mama wa sombe.

Katika Qurani kuna sura nzima iliyopewa jina la watu hawa, Suratul-Mutaffifiin. Inaanza kwa kuwaonya wale wanaotaka kipimo kijae wanapopokea, lakini wanakipunguza wanapotoa. Zamani nilipowafundisha watoto sura hii, niliwaonyesha kopo lililobonyezwa chini na mizani yenye jiwe la uongo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na kopo zima na mizani safi, na bado awe mutaffif kwa hesabu ya kichwani. Vipimo viwili vinaweza kukaa ndani ya kichwa kimoja bila mtu kuviona.

Kumbukeni pia Nabii Shuaybu, amani iwe juu yake, aliyetumwa kwa watu wa Madyan. Aliwaita kumwabudu Mungu mmoja, na pamoja na hilo aliwaita kutimiza kipimo na mizani. Mambo hayo mawili aliyatamka pamoja. Walishangaa: swala inahusu nini na mali yetu? Swali lao bado linaishi, hata ndani ya safu zetu za Ijumaa.

3. JIBU LA MFANYABIASHARA

Nilimsomea ndugu mmoja mwenye duka maneno haya kabla ya kuyaandika. Alinyamaza, kisha akasema: "Shehe, hesabu yako ni ya kweli. Lakini hujui kuogopa kwetu. Dolari ikishuka leo, inaweza kurudi kesho. Nikishusha bei halafu ikapanda, wateja watanitukana mara mbili."

Hilo ni neno la kweli, na sitalidharau. Lakini nililipima nikaona jambo hili: gharama ni kitu kimoja, na woga ni kitu kingine. Gharama imekwisha kutokea. Ina karatasi, ina tarehe, na mtu anaweza kuionyesha. Woga ni gharama ambayo haijazaliwa. Mtu akimpitishia jirani yake gharama, hajamdhulumu. Wote wawili wamebeba. Lakini akimpitishia woga wake, amemlipisha leo kitu ambacho pengine kesho hakitakuja. Na kisipokuja, nani atamrudishia?

Aliyepewa mali ndiye mwenye nguvu ya kubeba woga kidogo. Yule anayenunua sabuni kwa vipande, kipande kimoja cha kuoga na kufulia, hana mahali pa kuuweka woga wa mtu mwingine.

Simwambii mfanyabiashara ashushe yote kwa siku moja. Ashushe kidogo, angoje, atazame, ashushe tena. Amwambie mteja ukweli: nimenunua hivi, inabaki hivi. Ninachomwomba ni achague hesabu moja aishi nayo. Kama ni bei ya jana, iwe ya jana dolari ikipanda na ikishuka. Kama ni bei ya kesho, iwe hivyo siku zote mbili. Hesabu moja ndiyo haki. Mwenye hesabu mbili ajue kuna sura inayomwita kwa jina lake.

4. SISI SOTE TUNA DUKA

Hapa najua wengi mnafurahi, mnamtazama mwenye duka aliyekaa safu ya mbele. Msimtazame sana, maana sisi sote tuna duka.

Mwenye nyumba aliyepandisha kodi ya chumba kwa sababu ya dolari ana duka. Taksimani wa pikipiki anayeongeza bei kwa mgonjwa usiku, kwa sababu anajua mgonjwa hawezi kungoja, ana duka. Mnunuzi anayekwenda kumvizia mkulima njiani, mtu aliyetoka shambani mbio na gunia moja huku akisikia risasi nyuma, akamnunulia kwa nusu ya bei kwa sababu mkulima ana haraka, huyo amefanya lile lile Mtume alilolikataza juu ya msafara. Mkulima naye anataka sabuni ishuke na muhogo wake upande. Muhogo hakuununua kwa dolari, lakini atakuambia sabuni yake inanunuliwa kwa dolari, na husemi kitu. Hivyo mzigo unapita kutoka kichwa hadi kichwa, kila mmoja akisema "hata mimi nimebanwa", mpaka ufike kwa mtu asiye na wa kumpitishia. Mtu huyo kila kartiye inamjua. Ni mjane, ni yatima, ni jamaa iliyokimbia kijiji.

Na mimi nina duka. Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaniambia.

Watoto wa chuo chetu walikuwa wakilipa franka 1,000 kwa mwezi, kila mtoto. Mwaka 2023 niliwaambia wazazi kwamba maisha yamepanda, nikaiweka 1,500. Nilikuwa na haki: nami nina watoto, nami nanunua mafuta na makala. Dolari iliposhuka mwaka 2025, wazo la kurudisha zile 500 halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nikilalamika juu ya sabuni, na ada yangu iko pale pale.

Kuna jamaa moja ya waliokimbia upande wa Eringeti, ina watoto watatu chuoni. Niliona mmoja wao amesahau sura aliyokuwa ameihifadhi vizuri. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake na nikamsimamisha kutwa nzima pembeni. Hakujibu neno. Baadaye mama yake alikuja, si kwa kunigombeza, alikuja kwa adabu, akasema: "Mwalimu, usimhesabie mtoto kosa. Siwezi kulipa watatu. Wanapokezana. Huu mwezi wa mmoja, huu mwezi wa mwingine. Alikaa nyumbani miezi miwili, ndiyo sababu amesahau."

Wanapokezana! Watoto watatu walikuwa wakigawana Qurani kama watu wanavyogawana sahani moja ya fufu. Na mimi nilimwadhibu mtoto kwa njaa niliyoiongeza mwenyewe. Nilikuwa nimesoma Suratul-Mutaffifiin maelfu ya mara. Siku ile niliisikia.

Nimeirudisha ada kuwa 1,000, na aliye na watoto wengi tunazungumza naye. Sitawadanganya kwamba mambo yangu yamekuwa mepesi. Yamekuwa mazito kidogo. Lakini uzito huo naujua jina lake, na ninalala.

5. KIPIMO CHA NYUMBANI

Kuna duka moja la mwisho, dogo kuliko yote, nalo ni nyumba. Baba anamwachia mama pesa ya chakula asubuhi. Pesa ile ni ile ya miaka mitatu iliyopita, lakini sahani anayoitaka jioni ni ile ile. Mama akisema haitoshi, anaambiwa hajui kupanga. Ndugu yangu, wewe unayemlaumu mwenye duka kwa hesabu mbili, hii nayo ni nini? Unapohesabu taabu zako, maisha yamepanda. Unapohesabu pesa ya mama, maisha hayajapanda.

Keti naye. Mhesabu pamoja kopo kwa kopo: unga, mafuta ya mawese, chumvi, makala, maji, daftari za watoto. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni za bure kwa mpango wa nchi, lakini daftari na viatu havikuja bure, na sekondari inalipwa. Mama naye aseme kweli, asifiche. Na kinachobaki kikiwa kidogo, wote wale kidogo, baba wa kwanza. Sayyidna Umar, Mungu amridhie, katika mwaka wa njaa, mwaka wa 18 wa Hijria, alikataa samli na nyama mpaka watu wote wapate. Alikuwa khalifa, hazina iko mkononi mwake. Sisi hazina yetu ni sufuria moja, tutashindwa nini?

6. TUFANYE NINI

Ndugu zangu, kabla ya Ijumaa ijayo kila mmoja achague moja katika haya.

Mwenye duka aandike kwenye daftari bei aliyonunua na siku, achague hesabu moja. Mwenye nyumba atazame kodi aliyoipandisha, ajiulize sababu aliyoitoa siku ile kama bado iko. Mwenye kudai mtu aliyebanwa amwongezee muda, kama Mola wetu alivyotuagiza katika Suratul-Baqara, na akiweza kumsamehe ni bora kwake. Mnunuzi asimwite kila mfanyabiashara mwizi. Katika mji kama wetu neno "mwizi" linaweza kumwua mtu. Amwulize kwa adabu, kama yule mama alivyoniuliza mimi. Na sisi walimu na maimamu tuache kutumia neno "vumilia" kufunga mlango. Subira ni ya yale yasiyo mikononi mwetu. Yale yaliyo mikononi mwetu hayataki subira, yanataka toba.

Mama wa sombe, hili ndilo jibu lako, limechelewa. Dolari iliposhuka, sabuni haikushuka kwa sababu kila mmoja wetu alingoja mwingine aanze. Barabara hatuwezi kuifungua leo, wala vita hatuwezi kuvimaliza kwa khutba. Lakini zile franka 500 zilikuwa mfukoni mwangu, na aliyeziweka ni mimi.

Ee Mola wetu, tupe riziki ya halali iliyo pana. Warudishe ndugu zetu mashambani kwao kwa amani. Linda wasafiri wa barabara yetu. Tuonyeshe vipimo viwili vilivyo ndani yetu kabla hujatuonyesha Siku ile ambayo mizani ni yako peke yako. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.